Cheni Ikilia, Usikimbilie Bisibisi

Muuzaji wa baiskeli za mitumba, awe Thika au Ruiru, hukutajia idadi ya gia hata kabla hujauliza bei. Gia 18. Gia 21. Hesabu yenyewe ni sahihi, kwa kuwa mbele kuna sproketi 3 na nyuma kuna 6 au 7. Asilokwambia ni kwamba katika zile 21, kama 9 hivi hufai kuzitumia, na ukizitumia cheni itaanza kulia. Utaipeleka kwa fundi, atageuza skrubu mbili, sauti itapotea, utalipa. Kabla hujafika nyumbani sauti imerudi. Ukirudi kwa fundi utaambiwa cheni imezeeka, ununue nyingine. Unanunua, na cheni mpya nayo inalia vilevile.

Naandikia watu wanaoitegemea baiskeli: anayetoka Makongeni alfajiri kwenda kiwandani, mwanafunzi wa Juja anayekwepa nauli ya matatu, mama anayesambaza mayai Kimbo, kijana anayepanda Gatanga Jumamosi kwa mazoezi. Kwa watu hawa, cheni inayokwaruza hula nguvu na hula pesa. Mara nyingi tiba yake haipo kwenye kisanduku cha fundi. Ipo kwenye vidole vya mwendeshaji, katika gia anazochagua. Kwa hiyo nitaanza na uchaguzi wa gia, bisibisi itafuata baadaye.

Inama nyuma ya baiskeli yako uitazame cheni inavyokwenda mbele. Sproketi ya katikati ya mbele imelingana na zile za katikati za nyuma. Sproketi kubwa ya mbele, iliyo nje kabisa, imelingana na ndogo za nyuma ambazo nazo ziko nje. Ndogo ya mbele, iliyo karibu na fremu, imelingana na kubwa za nyuma zilizo karibu na spoki. Cheni ikipita kwenye mistari hiyo huwa imenyooka na huvuta kimya. Sasa iweke kwenye sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma, uitazame tena. Inakata mshazari kutoka nje kuingia ndani, kila pini ikipinda upande kila inapoingia kwenye jino. Cheni ya namna hiyo lazima iguse kitu.

Kwenye usukani, mkono wa kushoto huongoza gia za mbele, 1 hadi 3, na 1 ndiyo sproketi ndogo. Mkono wa kulia huongoza za nyuma, 1 hadi 7, na huko 1 ndiyo sproketi kubwa, ya mlima. Wengi huchanganyikiwa hapo, lakini kanuni ni moja: pande zote mbili namba ndogo ni ya mlima na namba kubwa ni ya mteremko. Ukiwa mbele 1, tumia nyuma 1 hadi 3. Mbele 2, tumia 2 hadi 6, na ukibanwa gusa 1 au 7 kwa muda mfupi. Mbele 3, tumia 4 hadi 7. Kwa baiskeli ya gia 18, punguza moja kwenye kila mwisho wa juu na mambo ni yaleyale.

Kuna anayehisi kwamba kuacha gia 9 ni kutupa mali aliyoinunua. Hesabu itamtuliza. Baiskeli nyingi za milimani zinazotufikia zina meno 24, 34 na 42 mbele, na nyuma zina 28, 24, 22, 20, 18, 16 na 14. Uzito wa gia hupatikana kwa kugawa meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Kubwa kwa kubwa, yaani 42 kwa 28, ni 1.5. Sproketi ndogo ya mbele na 16 ya nyuma, yaani 24 kwa 16, pia ni 1.5. Katikati, 34 kwa 22, ni 1.55. Gia hizo tatu mguu hauwezi kuzitofautisha, ila mbili za kwanza zinapindua cheni kutoka ukingo hadi ukingo na ya tatu imenyooka karibu kabisa. Mbele 3 na nyuma 4 ni 2.1, mbele 2 na nyuma 6 ni 2.13. Mbele 1 na nyuma 4 ni 1.2, mbele 2 na nyuma 1 ni 1.21. Waliounda baiskeli hizi waliziacha gia zipandane makusudi, ili ukitoka sproketi moja ya mbele kwenda nyingine usipotelewe na mwendo. Hawakukusudia uzitumie zote.

Katika gia zinazopindua cheni, mbili ni za kuogopwa. Kubwa kwa kubwa huivuta cheni hadi mkono wa gia ya nyuma ukanyooka mbele kama unaotaka kung'oka, na ikiwa fundi aliwahi kuikata cheni fupi kupita kiasi, utang'oka kweli, pengine pamoja na kipande cha fremu unachoshikilia. Ndogo kwa ndogo huilegeza cheni ikaning'inia na kuruka kwenye kila shimo, na zaidi ya hapo husugua ubavu wa sproketi ya katikati ya mbele. Kusugua huko hakuna skrubu inayoweza kukuondoa, kwa sababu kinachogusana ni cheni na meno, na meno hayasogezwi.

Sasa barabara zetu. Kutoka Ruiru hadi Thika ni takriban kilomita 20, na tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012 sehemu kubwa ni tambarare, ikishuka na kupanda kwenye mabonde ya mito. Kwa safari hiyo, mbele 2 inatosha mwanzo hadi mwisho. Ukiwa Juja kwenye tambarare uko nyuma 4 au 5. Ukishuka Ndarugu unaongeza hadi 6, na kabla hujaanza kupanda upande wa pili umesharudi 3, kisha 2. Vivyo hivyo ukitoka bonde la Chania pale Blue Post kurudi mjini Thika. Mkono wa kushoto unaweza kwenda kazini na kurudi bila kuugusa, na hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayeanza: kwa mwezi wa kwanza sahau kwamba kuna 1 na 3 mbele.

Mambo hubadilika ukigeukia magharibi. Barabara ya Thika kwenda Gatanga, ile ya Thika kwenda Magumu kupitia Gatukuyu, na ile ya Ruiru kwenda Githunguri hadi Uplands, zote zinapanda kuelekea milima ya Aberdare. Huko ndiko sproketi ndogo ya mbele inakofanya kazi yake, na wengi huiona aibu. Wanapanda wakiwa mbele 2, nyuma 1, wakisimama juu ya pedali, usukani ukiyumba, kumbe mbele 1 ipo pale imejaa vumbi. Hakuna aibu. Mtu aliyebeba mitungi 3 ya maji ya lita 20 ana kilo 60 mgongoni mwa baiskeli, na sproketi ya meno 24 iliwekwa kwa ajili yake. Mbele 3 nayo ngoja uitumie siku unaposhuka kutoka Gatanga na barabara imekauka.

Kuna imani iliyokita kwamba gia nzito ndiyo ya mwanamume na ndiyo inayokwenda kasi. Tuipime. Kwa gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali kwenye mbele 3, nyuma 7 hukusogeza kama mita 6. Kwenye mbele 2, nyuma 4 hukusogeza mita 3 na nusu. Ukizungusha ile nzito mara 40 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 15 kwa saa. Ukizungusha ile nyepesi mara 70 kwa dakika unakwenda kasi ileile. Tofauti ni kwamba kwenye nzito kila kanyagio linadai nguvu mara moja na robo tatu ya ile nyepesi, na nguvu hiyo yote hupita kwenye goti, kwenye cheni, na kwenye gololi za krenki. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, katika kaunti hii hii ya Kiambu, alipowaacha Alberto Contador na kisha Nairo Quintana kwenye mlima Ventoux Julai 2013 alishambulia akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka upesi ajabu. Aliondoka na ushindi wa siku ile, na baadaye mwezi huo na wa Tour de France nzima.

Mtu wa kawaida akizungusha mara 70 hadi 90 kwa dakika yuko pazuri. Kupima hakuhitaji mashine: hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15. Likipanda mara 18 hadi 22, endelea. Likipanda mara 12, punguza gia. Na ubadilishe kabla shida haijafika. Cheni huhama vizuri ikiwa inazunguka bila mzigo, kwa hiyo mlima ukiuona mbele yako, badilisha ukiwa bado una mwendo. Ukikaribia kituo cha matatu ambako unajua utasimama, rudi nyuma 2 au 3 kabla ya kushika breki. Anayesubiri hadi mguu ushindwe ndipo ageuze gia huilazimisha cheni kupanda ikiwa imekazwa, na ule mlio wa kishindo unaousikia ni meno na pini vinavyoumizana. Kwa gia za mbele zingatia zaidi: legeza mguu kidogo, geuza, zungusha nusu, kisha kanyaga.

Sasa, umechagua gia vizuri, cheni imenyooka, na bado inakwaruza. Hapa ndipo tunafungua kisanduku. Ila kazi ya kwanza ni ya macho na masikio. Pindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani, au mwombe mtu ainyanyue nyuma, kisha zungusha pedali kwa mkono polepole huku ukitafuta mahali panapogusana. Usiguse skrubu yoyote kabla hujapaona.

Ukisikia mkwaruzo mmoja kila pedali inapozunguka mara moja, na kimya katikati, jua kuna kitu kimepinda au kimelegea. Tazama pengo kati ya sproketi ya mbele na bati la kile chuma kinachosukuma cheni, ambacho nitakiita kisukumio. Pengo likipanuka na kubanwa kwa zamu, sproketi imepinda. Zile za chuma hunyooshwa kwa spana inayokubali unene wake, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Za alumini hukatika, ziache. Kisha shika mikono yote miwili ya krenki uitikise kuelekea fremu na kutoka. Ikicheza, ekseli ya katikati imelegea na gololi zinaliwa. Hapo hakuna marekebisho ya gia yatakayodumu hadi ekseli ikazwe, kwa sababu sproketi za mbele zinahama kila unapokanyaga. Fundi anayerekebisha gia bila kutikisa krenki kwanza anakuuzia utulivu wa siku mbili.

Ukisikia mkwaruzo mlimani tu, unapokanyaga kwa nguvu, na kwenye tambarare kimya, angalia nati za gurudumu la nyuma. Gurudumu lililolegea huvutwa na cheni upande wa kulia, likakaa mshazari, na pengine tairi nalo likaanza kusugua fremu. Legeza nati, liweke gurudumu katikati, kaza pande zote mbili. Ni kazi ya dakika chache na huponya baiskeli nyingi zilizohukumiwa kununuliwa kisukumio kipya.

Mkwaruzo usiokoma, unaotoka mbele, na cheni inaonekana ikigusa bati moja la kisukumio, ndio unaohitaji marekebisho. Hata hapa kuna utaratibu, na kuuruka ndiko kunakozaa safari zisizoisha kwa fundi. Anza na mahali kisukumio kilipofungwa. Cheni ikiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele, ukingo wa chini wa bati la nje uwe juu ya meno ya sproketi hiyo kwa milimita 1 hadi 3, unene wa sarafu moja. Kikiwa juu zaidi, cheni itahama kwa uvivu na kukwaruza njia nzima. Kisha simama juu ya baiskeli utazame chini: bati la nje na sproketi viende sambamba. Mara nyingi havipo sambamba. Baiskeli hizi husafiri zimebanana ndani ya kontena hadi Mombasa, kisha juu ya lori, na kisukumio hupigwa kikazunguka kwenye bomba la fremu. Legeza boliti yake kidogo, kigeuze, kaza. Nimeona baiskeli zikinyamaza kabisa kwa hatua hiyo peke yake.

Sasa skrubu mbili ndogo zilizo juu ya kisukumio, zenye alama L na H. L huzuia kisukumio kisiingie ndani kupita kiasi, H huzuia kisitoke nje kupita kiasi. Hazina kazi nyingine. Weka cheni mbele 1, nyuma 1. Kabla ya kugusa L, hakikisha waya umelegea, na ikibidi ufungue kabisa pale unapobanwa na boliti ya kisukumio. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi. Waya ukiwa umekaza, kisukumio kinaning'inia kwenye waya, hakijafika kwenye skrubu. Mtu anageuza L mara tano hakuna kinachosogea, anadhani imeharibika. Waya ukilegea, geuza L hadi bati la ndani likaribie cheni bila kuigusa, pengo la nusu milimita. Uvute waya kwa koleo uwe umenyooka, ubane.

Weka mbele 3, nyuma 7. Sasa tazama bati la nje na ufanye vilevile kwa H: nusu milimita, hadi milimita moja kwa baiskeli iliyochoka. Ukiifungua H sana, cheni itaruka nje iangukie krenki, na hilo likitokea barabarani lori likiwa nyuma yako si jambo la kuombea.

Kwa sproketi ya katikati hakuna skrubu. Huko kazi ni ya waya. Weka mbele 2, nyuma 1, utazame bati la ndani. Likigusa cheni, waya umekaza mno, ulegeze kwa kuzungusha lile pipa dogo pale waya unapotokea kwenye usukani, ukigeuza kufuata mwelekeo wa saa, robo mzunguko kwa wakati. Kisha nenda nyuma 6 utazame bati la nje. Kwenye baiskeli nyingi kuukuu hutapata nafasi ambayo hakuna kugusa kabisa kuanzia nyuma 1 hadi 7 ukiwa mbele 2, na usijiumize kuitafuta. Chagua upande unaoutumia zaidi. Anayeishi Gatanga ashughulikie 1 na 2, anayeishi Ruiru aipe nafasi 5 na 6.

Ikiwa gia yako ya kushoto ni ya kuzungusha kwa kiganja, huenda ina vituo vingi kuliko namba tatu zilizoandikwa. Sikiliza: kati ya 2 na 3 kuna tiki ndogo ndogo. Ziliwekwa ili usogeze kisukumio kidogo cheni inapohama nyuma. Zile gia za zamani za kusukuma kwa kidole gumba zisizo na tiki zozote ndizo bora zaidi kwa hili, kwani unakisogeza kisukumio kwa sikio hadi kimya kipatikane. Ukikuta baiskeli ya mtumba yenye gia za namna hiyo, usidanganyike kwamba ni ya kizamani isiyofaa.

Nyuma mambo ni mepesi. Cheni ikisita kupanda kwenye sproketi kubwa, kaza waya robo mzunguko. Ikisita kushuka kwenye ndogo, legeza robo. Ikipiga tiki-tiki kwenye gia moja bila kuhama, ni robo mzunguko upande mmoja au mwingine. Jambo la kuwa nalo makini ni kile kipande cha chuma kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu. Simama nyuma ya baiskeli: vile vigurudumu viwili vidogo vinavyopitisha cheni vinapaswa kusimama wima chini ya sproketi. Vikiinamia spoki, kipande kimepinda, na siku moja ukiwa nyuma 1 mkono wa gia utaingia kwenye spoki na kuvunja kila kitu. Kinyooshwe kabla ya marekebisho mengine yoyote. Na skrubu ya L ya nyuma usiifungue bila kujua unachofanya, maana ndiyo inayoizuia cheni isitumbukie kwenye spoki.

Cheni yenyewe pia huweza kuwa chanzo. Dukani kuna cheni ya Black Mamba, ile baiskeli isiyo na gia, na cheni ya gia. Zote zina umbali uleule kati ya pini, milimita 12.7, kwa hiyo zote zitakaa kwenye meno. Lakini ya Black Mamba ni pana. Ukiiweka kwenye sproketi 7 zilizobanana nyuma, itagusa jirani kwenye kila gia na utazunguka mafundi wote wa Thika bila kupona. Omba cheni ya gia 6, 7 au 8. Ni moja kwa zote tatu. Ya gia 9 ni nyembamba zaidi na ya 10 zaidi ya hapo.

Kujua kama imechakaa, chukua rula. Pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Cheni mpya hutoa sentimita 30.48. Ikifika karibu 30.6, inunuliwe nyingine. Ikifika 30.8, tayari imekwishakula meno ya sproketi, na ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itateleza ukikanyaga. Ndiyo maana kungoja ni ghali: cheni moja iliyobadilishwa mapema huokoa sproketi zote.

Kinachozichakaza cheni zetu haraka ni udongo. Upande wa mashamba ya kahawa, Ruiru kwenda juu, ni udongo mwekundu unaopenya kila pini. Upande wa Juja na mashariki ya Thika ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha hujaa kwenye kisukumio hadi cheni isijue inakopita, na mkwaruzo wa siku hiyo si wa skrubu hata kidogo. Uondoe kwa kijiti na maji kidogo. Baada ya matope futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta taa, iache ikauke, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila pini ukizungusha pedali kinyume, na mwisho ufute nje pakauke. Mafuta ya cherehani yanafaa kiangazi, ila mvua huyaosha upesi. Oili chafu ya gereji, ambayo wengi huipata bure, iache. Imejaa unga wa chuma kutoka injini ya mtu mwingine na hunasa vumbi papo hapo.

Wenye Black Mamba hawana habari ya kuchagua gia, lakini cheni zao nazo husugua, mara nyingi kwenye kava. Legeza nati za nyuma, vuta gurudumu hadi cheni ipande na kushuka sentimita 1 hadi 2 ukiisukuma kwa kidole katikati, linganisha gurudumu, kaza. Kisha nyoosha kava kwa mkono.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, usimwambie tu kwamba gia zinasumbua. Mwambie, “Fundi, nikiwa mbele 2 nyuma 3, cheni inagusa bati la nje, na krenki haichezi, nimeitikisa.” Fundi wa kando ya barabara anayehudumia pancha na breki siku nzima hana muda wa kutafuta ugonjwa wako. Ukimwonyesha mahali, atakufanyia kazi ya uhakika na kwa bei ya kazi moja. Na mjaribu palepale, ukiipanda, si kwa kuzungusha pedali hewani, kwa kuwa cheni isiyo na mzigo haisemi yote.

Kwa wale ambao safari yao yote ni ndani ya mji, Makongeni hadi eneo la viwanda, au Kihunguro hadi Ruiru mjini, nina ushauri ambao wauzaji hawataupenda: achana na gia za mbele. Iache cheni kwenye sproketi ya katikati, kaza waya wa mbele kisukumio kikae mahali pasipogusa, na usiuguse mkono wa kushoto tena. Wengine huondoa kisukumio chote, lakini nisingefanya hivyo, kwani hata kikiwa kimetulia huizuia cheni isidondoke unaporuka matuta. Waya wa mbele ukikatika siku moja, usiharakishe kununua mwingine. Kaza skrubu ya L ndani kadiri inavyokwenda, na kwenye baiskeli nyingi kisukumio kitasogea karibu vya kutosha juu ya sproketi ya katikati. Kikibaki pungufu kidogo, bana kipande cha waya wa zamani kutoka boliti ya kisukumio hadi kwenye fremu, kikiwa kimekazwa, uendelee na safari.